Jinsi ya kusoma historia ya virutubisho vya mimea kwenye udongo, hatua kwa hatua

Watu wengi wakisikia kupima udongo wanawaza mbolea tu, yaani udongo una nini leo na uongezwe nini. Huu mwongozo ni wa swali jingine kabisa: huko nyuma, miaka mia au elfu kadhaa iliyopita, virutubisho vilikuwa vinazungukaje mahali hapa? Mimea ilikuwa inaitoa wapi fosforasi, nitrojeni ilikuwa inakaa au inavuja, palikuwa msitu au nyasi, kuna watu waliwahi kutia samadi au la. Udongo unajibu haya yote ila unajibu kwa mafumbo, na ukiwa na haraka utaishia kuwa na jedwali zuri na stori ya uongo.

Kitu kimoja kikae kichwani kabla hujashika jembe. Udongo hautunzi mzunguko wenyewe, unatunza mabaki yake, ni kama kukisia karamu kwa makombo. Nitrojeni iliyoingia kwenye nafaka ikavunwa haipo, iliyogeuka gesi ikapaa haipo, iliyoshuka na maji haipo, unachopima wewe ni kile kilichokataa kuondoka. Kwa hiyo kila alama ya kikemia iulize maswali mawili, nani aliiweka na nini kingeweza kuifuta au kuigeuza baadaye. Hilo la pili ndo watu wanalisahau.

HATUA YA 1: Jua unauliza nini, na cha lini

Usianze na mashine, anza na muda, kwa sababu kila alama ina umri wake wa kukumbuka. Cesiamu-137 ilimwagwa na majaribio ya mabomu ya nyuklia, kilele chake ni kama 1963, na nusu yake inaisha kila miaka 30 hivi, kwa hiyo inakuambia tu kama udongo umemomonyoka au umehama tangu wakati huo. Risasi-210 nusu yake inaisha kila miaka 22, inakufikisha nyuma miaka mia na kidogo. Kaboni-14, ambayo nusu yake inaisha kila miaka 5,730, inaenda mpaka kama miaka elfu 50. Fosforasi haina saa ndani yake ila inakaa maelfu ya miaka bila kupaa angani maana haina gesi ya maana, na ndo sababu wanaakiolojia wanaipenda. Olaf Arrhenius kule Sweden alikuwa anachora ramani za fosfeti kutafuta makazi ya kale tangu miaka ya 1920 na 30, na mbinu hiyo mpaka leo inatumika.

Ukishajua unataka miaka 60 au miaka 6,000, nusu ya vipimo vinajifuta vyenyewe kwenye orodha. Hela itabaki.

HATUA YA 2: Chagua mahali, na mahali pa kulinganisha

Shimo moja halina maana. Narudia, shimo moja halina maana, hata liwe zuri namna gani, kwa sababu hutajua ulichokiona ni historia ya pale au ni tabia tu ya mwamba wa pale. Mwanasayansi wa udongo Hans Jenny mwaka 1941 aliliweka vizuri: udongo unatengenezwa na hali ya hewa, viumbe, mkao wa ardhi, mwamba mama na muda, basi tafuta sehemu mbili au zaidi ambazo vinne kati ya hivyo vinafanana na kimoja ndo tofauti. Kama swali lako ni samadi, chimba shambani na chimba nje ya shamba kwenye mwamba uleule na mteremko uleule.

Mfano unaonipendeza zaidi ni visiwa vya Hawaii. Mwamba ni ule ule wa volkano, mti mkuu ni ule ule, mvua watafiti wamechagua sehemu zinazolingana, kinachobadilika ni umri wa udongo tu, kuanzia kama miaka 300 mpaka kama milioni 4. Na picha ikatoka safi: kwenye udongo mchanga kiumri mimea inakwama kwa kukosa nitrojeni, maana mwamba hauna nitrojeni ya kutosha na lazima itoke hewani polepole, ila kwenye udongo mzee inakwama kwa kukosa fosforasi maana ya mwamba imeshaisha, na sehemu kubwa ya ile kidogo inayoingia inaletwa na vumbi kutoka bara la Asia lililovuka bahari. Bila kulinganisha sehemu hizo hakuna ambaye angeliona hilo kwa kuchimba shimo moja.

HATUA YA 3: Chimba na uchukue sampuli

Shimo la mita moja mpaka mita na nusu kwenda chini, upana wa kutosha mtu kuingia, na upande mmoja uwe umesimama wima na uko kwenye mwanga. Udongo uliochimba usirundike juu ya ule upande utakaousoma. Safisha ukuta kwa mwiko wa fundi, weka rula, piga picha kabla hujagusa kitu, andika rangi za matabaka, mizizi inaishia wapi, mkaa uko wapi, vishimo vya mchwa na nyungunyungu viko wapi. Hao wadudu ni muhimu kuliko unavyodhani, mchwa anapandisha udongo wa chini kwa kiasi kikubwa sana na anaweza kukuvurugia mpangilio wote wa miaka ukabaki unasoma kazi ya mchwa ukidhani ni historia.

Sampuli zichukue kuanzia CHINI kwenda juu. Ukianza juu, vumbi la juu linadondokea tabaka la chini, na udongo wa juu ndo wenye kaboni na nitrojeni nyingi kwa hiyo kidogo tu kinaharibu. Kila sentimita 5 kwenye sehemu ya juu, kila 10 chini zaidi, ila usivuke mpaka wa tabaka kwa sababu tu rula imesema, tabaka kwanza rula baadaye.

Vifaa navyo vina uchafu wao. Ndoo au sepetu yenye bati la zinki usiitumie kama utapima zinki. Sabuni nyingi zina fosfeti au ziliwahi kuwa nayo, kwa hiyo osha kwa maji safi tu. Sampuli za lipidi (mafuta na nta zilizobaki kwenye udongo) zifunge kwenye foili ya alumini na uzigandishe, plastiki inatoa kemikali zake zinazotokea kwenye grafu kama vilele vikubwa kuliko unachokitafuta.

Na usisahau silinda ya kupimia uzito wa udongo kwa ujazo, ile ya sentimita za ujazo 100 inatosha. Bila huo uzito una asilimia tu, huwezi kusema kuna kilo ngapi za fosforasi kwenye hekta, na udongo ulioshindiliwa na ule wa kuvimba utaonekana sawa wakati havifanani hata kidogo.

HATUA YA 4: Kausha, chekecha, toa vijizizi

Kausha kwa hewa au kwenye oveni isiyozidi nyuzi 40, ponda taratibu, pitisha kwenye chekeche ya milimita 2. Kinachobaki juu ni mawe, yapime uzito uandike, utayahitaji kwenye hesabu.

Halafu vijizizi. Hapa ndo kazi inachosha na hapa ndo watu wanachakachua. Mzizi wa mwaka huu ukibaki kwenye sampuli ya miaka 2,000 unaingiza kaboni mpya na nitrojeni mpya, na kwenye tabaka la chini lenye mboji kidogo mzizi mmoja tu unatosha kukupeleka pengine. Toa mikubwa kwa koleo ndogo, ile myembamba kama nywele tumia umeme tuli: sugua rula ya plastiki kwenye kitambaa kikavu, tandaza udongo uwe mwembamba, pitisha rula kama sentimita moja juu yake, utaviona vijizizi vinaruka na kunasa kwenye rula huku chembe nyingi za udongo zikibaki chini. Futa rula, rudia mpaka visiruke tena. Usiishushe sana maana itaanza kubeba na vumbi la udongo.

Baada ya hapo saga sehemu ndogo iwe unga laini kabisa kama poda, hasa kwa ajili ya isotopu (atomi za elementi ileile zenye uzito tofauti), kwa sababu mashine inakula miligramu chache tu na lazima hizo chache ziwakilishe mfuko mzima.

HATUA YA 5: Fosforasi, na kwa nini usiiamini peke yake

Mi ningekuwa na bajeti ya kipimo kimoja tu ningeanza hapa. Lakini siyo ile fosforasi inayofaa kwa mimea ambayo maabara za kilimo zinapima, hiyo ni ya msimu. Unataka jumla yote, na unataka pamoja nayo elementi isiyohama, kawaida zirkoni au titani. Udongo ukizeeka vitu vingi vinaoshwa na maji ila zirkoni inabaki kwenye vichembe vyake vigumu, kwa hiyo inakuwa kipimo chako cha kiasi gani kingine kimeondoka.

Hesabu yenyewe: chukua fosforasi ya udongo gawa kwa fosforasi ya mwamba mama, zidisha kwa zirkoni ya mwamba gawa kwa zirkoni ya udongo, halafu toa 1. Tuseme (namba za kutunga hizi) mwamba una fosforasi miligramu 800 kwa kilo na zirkoni 200, na udongo wa juu umetoka na fosforasi 900 na zirkoni 300. Mtu wa haraka atasema fosforasi imeongezeka. Fanya hesabu: 900 kwa 800 ni 1.125, 200 kwa 300 ni 0.667, ukizidisha ni 0.75, toa 1 unabaki na -0.25. Yaani robo ya fosforasi IMEPOTEA, inaonekana nyingi kwa sababu vingine vimepotea zaidi. Sasa shuka sentimita 40, unakuta fosforasi 450 na zirkoni 280, hesabu inakupa kama -0.60. Asilimia 60 imepotea chini na 25 tu imepotea juu. Kama ni maji ya mvua peke yake yanayoosha, tungetegemea juu ndo pateseke zaidi, kwa hiyo kuna kitu kimerudisha fosforasi juu, na mshukiwa wa kwanza ni mizizi: inavuta chini, majani yanadondoka juu, yanaoza, mzunguko huo. Lakini vumbi na samadi navyo vinaweza kutoa picha hiyohiyo, kwa hiyo bado hujamaliza.

Njia rahisi ya kuthibitisha kama ni mimea: linganisha potasiamu na sodiamu. Zote mbili zinaoshwa na maji kirahisi, ila potasiamu mimea inaitafuta sana, wakati sodiamu mimea mingi haina haja nayo. Ukikuta potasiamu imejaa juu na sodiamu imeshuka chini, hapo ni mimea imefanya kazi, maji hayana upendeleo huo.

Angalizo la maabara, na hili ni kubwa. Ukiyeyusha udongo kwa asidi za kawaida zirkoni haiyeyuki yote, zile chembe zake ni ngumu mno, kwa hiyo namba ya zirkoni itakuwa takataka na hesabu yote hapo juu itaanguka. Omba eksirei ya floresensi (mashine inayopiga udongo kwa eksirei na kusoma mionzi inayorudi), au kuyeyusha kwa borati ya lithiamu kwenye joto kali. Na zile bunduki za eksirei za mkononi zinapima zirkoni vizuri sana ila fosforasi kwa tabu, maana ni elementi nyepesi na mionzi yake inamezwa na hewa njiani. Zitumie kuchora ramani ya haraka, siyo kuandika hitimisho.

Ukiwa na hela zaidi, gawanya fosforasi kwa mafungu kama walivyofanya Hedley na wenzake mwaka 1982: unatoa fosforasi kwenye udongo uleule kwa zamu, kila zamu kwa kitu chenye nguvu zaidi, unaanza na rezini, unakuja baikaboneti, kisha sodiamu haidroksaidi, kisha asidi ya haidrokloriki, na kinachobaki mwisho. Fungu la asidi kwa sehemu kubwa ni fosforasi iliyoshikwa na kalisi, yaani bado ni ya mwamba. Likiwa kubwa mzunguko bado unalishwa na mwamba, likiisha na fosforasi nyingi ikawa ya mboji au imefungwa ndani ya chuma na alumini basi mimea inaishi kwa kurejesha kilekile kila mwaka. Mwelekeo huo Walker na Syers waliueleza mwaka 1976 na bado unasimama vizuri.

HATUA YA 6: Kaboni-13, palikuwa miti au nyasi

Mimea inagawanyika kwa jinsi inavyokamata hewa ya kaboni. Miti karibu yote, kunde, ngano, mpunga ni kundi la C3, kaboni-13 yake (ile kaboni nzito kidogo) ukiilinganisha na kipimo cha kimataifa ni wastani wa kama -27 kwa elfu. Nyasi nyingi za kitropiki, mahindi, mtama, muwa ni C4, kama -13. Pengo ni kubwa kiasi kwamba hesabu ni ya darasani: sampuli ikiwa -19, imepanda 8 kutoka -27, na pengo lote ni 14, basi kama asilimia 57 ya kaboni ilitoka kwa C4.

Kuna mitego miwili. Mboji ikioza yenyewe inapanda kati ya 1 na 3 kadiri unavyoshuka chini hata kama mimea haijabadilika kamwe, kwa hiyo badiliko la 2 usilitangaze kuwa msitu uligeuka nyika. Na majani ya leo siyo kipimo safi cha zamani, hewa yenyewe imekuwa nyepesi kwa kama 2 tangu viwanda vianze kuchoma makaa ya mawe na mafuta, kwa hiyo rekebisha kabla ya kulinganisha.

Kama udongo una chokaa, itoe kwanza kwa mvuke wa asidi ya haidrokloriki (ndani ya kabati la kuvuta hewa tafadhali, siyo mezani), vinginevyo unapima chokaa. Ila kipande cha kupimia nitrojeni kiache bila asidi, pima mara mbili tofauti, asidi inachezea nitrojeni.

HATUA YA 7: Nitrojeni-15, mzunguko ulivuja kiasi gani

Hii ndo alama tamu kuliko zote na ndo inayodanganya kuliko zote. Nitrojeni-15 ni ile nitrojeni nzito kidogo, na inalinganishwa na nitrojeni ya hewani ambayo ni 0. Mimea ya jamii ya kunde inayojipatia nitrojeni hewani inakaa karibu na 0. Nitrojeni ikiondoka kama gesi, amonia ikipaa kwenye samadi au bakteria wa udongo wenye maji wakiigeuza naitreti kuwa gesi, ile nyepesi inatangulia na nzito inabaki, udongo unapanda. Kwa hiyo namba kubwa kwa ujumla inasema mzunguko uliokuwa wazi, wenye nyingi ya kupoteza, na namba ndogo inasema mzunguko uliobana ambao kila kitu kinarudishwa.

Kule Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo Uingereza, kuna shamba la Broadbalk linalolimwa ngano tangu 1843, kipande kimoja kinapata samadi miaka yote na kingine hakipati kitu, na ngano ya kwenye samadi inatoka na nitrojeni-15 ya juu waziwazi. Ndo maana punje za nafaka zilizoungua kutoka kwenye makazi ya kale zinapimwa kutafuta kama wakulima wale walitia samadi.

Shida ni kwamba mambo mengi yanapandisha namba hiyohiyo. Joto na ukame, kuoza kwenye kina, kinamasi, samadi, vyote juu. Nao kuvu wanaoishi na mizizi wanaipa mimea nitrojeni nyepesi wakibaki na nzito, kwa hiyo jani linaweza kushuka na udongo kupanda bila kitu chochote kuvuja. Ukikuta namba kubwa peke yake usiandike samadi. Ukikuta namba kubwa, na fosforasi juu kuliko shimo la ulinganisho, na zinki juu (samadi nayo inaileta), na hali ya maji ya mashimo yote mawili inafanana, sawa, hapo andika samadi ila weka "huenda".

HATUA YA 8: Nyongeza, kama swali linadai

Strontiamu inaifuata kalisi kwa sababu mimea haitofautishi sana, na uwiano wa isotopu zake 87 na 86 unatofautisha chanzo: chumvi ya bahari ni kama 0.7092, basalti ya Hawaii ni kama 0.7035. Mmea wenye namba ya katikati unakula kutoka kote kuwili na unaweza kupiga hesabu ya mchanganyiko kama ile ya kaboni. Steroli (aina ya mafuta) za kinyesi zinatofautisha samadi ya wanyama wanaokula majani na kinyesi cha binadamu, hapo ndo ile "huenda" ya samadi inaweza kuondoka. Nta za majani, zile alkani (minyororo ya kaboni na haidrojeni) za kaboni 27 mpaka 33, ni nzuri ukizipima isotopu zake, ila ule mtindo wa kusema mnyororo mrefu ni nyasi na mfupi ni miti mimi siuamini mpaka mtu apime mimea ya palepale kwanza.

HATUA YA 9: Weka miaka

Usipime kaboni-14 ya udongo mzima ukadhani umepata tarehe, mle kuna mboji ya juzi na ya miaka elfu zimechanganyika, unapata wastani wa umri tu. Tafuta mkaa, mbegu au punje iliyoungua. Mkaa nao kama ni wa kiini cha mti mzee utakupa umri mkubwa kuliko moto wenyewe, kwa hiyo pendelea vijiti vyembamba na mbegu.

HATUA YA 10: Kusoma yote pamoja

Chora kila kipimo dhidi ya kina, grafu zikae bega kwa bega, za shimo lako na za ulinganisho kwa rangi mbili. Kisha pembeni ya kila badiliko andika maelezo yote yanayowezekana, siyo lile unalolipenda, angalau mawili. Halafu pita ukikata yale ambayo kipimo kingine kinayakataa. Unataka alama zinazoharibika kwa njia tofauti: fosforasi haipai, nitrojeni inapaa, kaboni-13 haijali samadi sana lakini inajali aina ya mimea, zirkoni haijali chochote. Zikikubaliana, ni ngumu zote kuwa zimedanganywa na kitu kimoja. Kama baada ya kukata yamebaki maelezo mawili, ripoti mawili.

HATUA YA 11: Usitupe kilichobaki

Weka udongo mkavu uliobaki kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko cha kubana, mahali pakavu na pa giza, lebo nje na karatasi nyingine ndani iliyoandikwa kwa penseli kwa sababu wino wa maka peni unafifia. Andika mahali kwa namba za GPS, kina, tarehe, na ulifanya nini kwenye sampuli, ulikausha nyuzi ngapi, ulichekecha milimita ngapi. Rothamsted wana udongo wa tangu miaka ya 1840 na watu wamekuja kuupima vitu ambavyo waliouchukua hawakuwa hata na jina lake, kwa hiyo gramu 200 za ziada kwa kila tabaka ziweke, hazili ugali.